Aliyembeba Mama Mgongoni

Moshi ulituachia Jumamosi. Siku tano tulikuwa tunakohoa, tunafuta macho na kula ugali unaonuka nyasi zilizoungua, halafu asubuhi ile nikafungua mlango nikauona mlima wa nyuma ya kwetu wote, mweusi kutoka juu mpaka chini, na juu yake mbingu safi. Hata ng'ombe walikuwa wametulia zizini. Mpita njia angetuonea wivu, jinsi kijiji chetu cha Busawe kilivyopendeza asubuhi ile ya kiangazi.

Na kweli ilipangwa iwe siku nzuri. Kaka yangu Emanuel alikuja kutoka Mugumu tangu Ijumaa, akanunua beberu, akasema familia ikae pamoja, ipumzike, maana Mungu ametuachia Mama. Baba akatoa viti nje. Shangazi Robi, dada mkubwa wa Baba, alifika na togwa ya wimbi na maneno yake. Nyama ikawekwa motoni, kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa tumbo la mbuzi, kikachemka, redio ikapiga kwaya. Kilichokosekana ni mtu wa kucheka.

Nisiwazungushe. Tatizo lilikuwa Ouma, mchumba wangu.

Jumatano, moto uliposhuka mlimani ukaruka mpaka uani kwetu, Mama alikuwa amelala na homa kwenye nyumba ya nyasi ya nyuma. Ni nyumba aliyoolewa nayo, na hata Baba alipojenga ya bati, Mama alikataa isibomolewe, akasema homa zake huponea mle. Ouma alikuwa zahanati, anafunga umeme wa jua. Aliona moshi umeelekea kwetu, akaja mbio, akaingia ndani, akatoka na Mama mgongoni. Kanga ilibaki kitandani. Nusu ya kijiji walikuwa wamefika na ndoo za maji, na wote wakamwona Agustina, mke wa Kornelio, mzee wa kanisa, akiwa na gagulo tu, kichwa wazi, amekumbatia shingo ya mwanamume anayetaka kumwoa binti yake. Hawajafika kisimani paa likaanguka.

Mahali pengine Ouma angechinjiwa jogoo. Kwetu sisi, mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Tangu wazee wake walipotoka Tarime na barua ya posa mwezi wa tano, Mama akimwona Ouma njiani alikuwa anakata kona na kupita shambani kwa watu. Salamu zao zilipitia kwangu. "Mwambie mama hujambo." "Mwambie sijambo." Chumba anacholala mama mkwe, mkwe hajui hata mlango wake umepakwa rangi gani. Huyu alikuwa amemtoa kitandani.

"Imekwisha hiyo," Shangazi alisema jioni ileile, Mama bado anakohoa masizi. "Mtu uliyemkumbatia shingo namna ile si mkwe tena. Amekuwa mwanao. Na mwanao hawezi kumwoa binti yako."

Baba alijaribu. Alisema jambo hilo halimo kwenye Biblia.

"Hata kichuri hakimo kwenye Biblia, Kornelio, na unakila," Shangazi akamjibu.

Mama mwenyewe alikuwa kimya, na ukimya wa Mama ndio ulionitisha. Tangu Jumatano hakupokea uji mkononi mwangu. Nikiweka kikombe karibu naye, anageukia ukutani. Nikasema moyoni, ni aibu, anaona haya kwa sababu ya mchumba wangu. Lakini moyoni kulikuwa na jambo lingine, na nilikuwa nalizunguka kila siku kama mtu anayezunguka nyoka uani.

Ouma alifika saa tano. Tulisikia pikipiki kabla hatujamwona. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na kwenye usukani kaning'iniza mkate na sukari. Jamani, nilimpenda pale pale upya. Alikuwa anatabasamu. Kila alipopiga simu nilikuwa nasema "tuko salama" halafu nakata, kwa hiyo maskini wa Mungu alidhani anakuja kwa watu wanaomsubiri.

"Shikamoo, Baba."

Baba alimtazama kwanza Shangazi. "Marahaba," akasema, sauti chini.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi akatoa kopo lake la ugoro, akabana kidogo kwa vidole viwili, akavuta, akapiga chafya. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Emanuel hakuinuka kitini. "Nani kakuita?"

"Sijaitwa, kaka. Nimekuja kumjulia hali mama."

"Mama yupi?"

"Mama Rose."

"Unamtaja kabisa! Mura, kijana mzima wewe, huna haya?"

Tabasamu likamtoka. Akabaki amesimama na mkate wake, hakuna aliyempa kiti, hakuna aliyempokea mzigo. Mimi nilitaka kuinuka, Shangazi akaniwekea mkono gotini. Mkono wa mwanamke aliyelima miaka hamsini si mkono wa kubishana nao.

"Kaka," Ouma akasema taratibu, "kama ni ule ujaluo wangu, nilidhani tulimalizana mwezi wa tano."

"Sio ujaluo. Hata ungekuwa Mngoreme wa hapahapa, ungefanya ulichofanya ningekwambia hivihivi. Mama yetu anasemwa kisimani. Anasemwa kanisani. Watoto wa shule wanaigiza!"

"Angekufa."

"Kulikuwa na wanawake uani. Kulikuwa na Rose. Wewe ulikimbilia nini chumbani kwa mama mkwe wako?"

Ouma akainamisha kichwa. Hakunitazama. Laiti angenitazama ningepata nafuu, lakini alikazana kuangalia ule mkate, na mimi nikahisi uso unawaka. Nikautoa mkono wa Shangazi.

"Naongea naye," nikasema.

"Rose, kaa," Emanuel akasema.

"Nina miaka ishirini na saba, Emanuel. Kaa wewe."

Tukaenda nyuma, kwenye kile kilichokuwa nyumba ya Mama. Zilibaki kuta za udongo mpaka kiunoni na majivu katikati. Kutoka pale walituona, ila hawakutusikia. Ouma aliweka mzigo juu ya jiwe. Alinukia sabuni na dawa ya vidonda. Nilitaka kumshika mkono, ule mzima, nikakumbuka macho sita yaliyo mgongoni kwangu.

"Wanasema umekuwa mtoto wa Mama," nikamwambia. "Kwa hiyo huwezi kunioa. Leo wanarudisha barua."

"Najua."

"Unajua nini? Mbona ulikuja unacheka?"

"Aki Rose, ningekuja nikilia wangenifungulia geti?" Akajaribu kutabasamu tena, ikashindikana. "Najua. Kwetu nako ni hivyohivyo. Mama yangu Felistas amelia siku mbili. Amesema nimejikata mguu na panga langu mwenyewe. Nikasema acha niende, labda wale watu wana huruma kuliko sisi."

"Kwa hiyo ulijua. Tangu pale pale."

"Nilijua nikiwa mlangoni. Si nilikwambia?"

Aliniambia. Hilo ndilo jambo nililokuwa nalizunguka. Jumatano mimi nilifika kwenye ule mlango kabla yake. Nilikuwa wa kwanza. Nilisikia Mama ananiita, nikaweka mguu mmoja ndani, joto likanipiga usoni, na mguu wangu ukarudi wenyewe. Sikuwa nimeungua. Hata unyusi mmoja haukuungua. Niliogopa tu. Nikatoka napiga kelele, nikamwona Ouma anaingia uani, nikamwambia ingia mtoe Mama. Akasimama. Akasema, "Rose, mimi siwezi kuingia mle, wewe unajua." Nikamsukuma. Nilimsukuma kwa mikono yangu miwili mgongoni, mgongo ule ule, nikamwambia, "Ingia!"

Akaingia.

"Hujawaambia," nikasema.

"Sijamwambia mtu. Na sitasema."

"Kwa nini? Emanuel anakutukana mbele yangu na wewe unatazama mkate!"

"Nikisema nitapata nini? Watakuchukia wewe. Mimi nishachukiwa, nimezoea. Rose, nikikukosa, afadhali nikukose ukiwa na mama yako. Ningebaki nje yeye akafa, ningekuoa na macho gani?"

Nililia. Sikulia kwa kujificha, nililia mabega yakitikisika, mpaka Emanuel akaita, "Inatosha huko!" Ouma akaokota mkate na sukari yake, akatangulia. Nilimtazama anavyotembea, bega moja limeinama kwa ajili ya kidonda, na wivu ukanishika wa ajabu, wivu wa kumwonea mwanamke mwingine yeyote atakayempata huyu mtu baada yangu.

Walikuwa wamejipanga. Emanuel alikuwa amesimama na bahasha ya posa mkononi, ileile ya kaki, bado ina alama ya gundi.

"Hii ni barua yenu," akasema. "Rudi nayo kwa wazee wako. Waambie hatuna ugomvi nao. Waambie tu kijana wao alivuka mpaka."

Ouma hakuipokea. "Naomba jambo moja. Mama aseme mwenyewe. Akisema yeye, naipokea na simrudii tena Rose."

"Ati nini?" Shangazi akanyanyuka kitini. "Umembeba hukushiba, sasa unataka umwite akusimamie mbele?"

"Namheshimu, Shangazi."

"Heshima gani! Heshima ingekushika miguu siku ile. Mtu mwenye haya angesimama nje akalia na wenzake!"

"Mimi nilisimama nje nikalia na wenzangu," nikasema.

Hawakunielewa. Hata mimi nilishtuka kuisikia sauti yangu. Ouma akatikisa kichwa haraka, akasema, "Rose, acha," na hapo ndipo nikajua siwezi kuacha. Nikasogea mpaka katikati yao.

"Nilikuwa mlangoni kwa Mama kabla yake. Mimi ndiye niliyetakiwa kuingia. Niliogopa. Huyu alikataa, alisema yeye ni mkwe, haingii, na mimi nikamsukuma. Kwa mikono hii. Mnamtukana mtu aliyefanya kazi yangu."

Redio ikaendelea kuimba. Baba akaizima. Emanuel alinitazama, akatazama bahasha, akanitazama tena. "Rose, usijitwishe uongo kwa ajili ya mwanamume."

"Sio uongo."

Sauti hiyo haikuwa yangu. Ilitoka mlangoni, imekwaruzwa na moshi. Mama alikuwa amesimama pale, amevaa gauni la kitenge la Jumapili, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Ouma akageuka upesi akampa mgongo na kuinamisha kichwa, ndiyo adabu. Mama hakukata kona mara hii. Alishuka ngazi moja moja, akapita katikati yetu, akaja mpaka mbele yangu.

"Sema tena."

"Mama..."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango ulikuwa unawaka?"

"Bado. Moshi tu."

"Nilikuita?"

"Uliniita. Uliniita mara mbili."

"Mara tatu," Mama akasema. "Ya tatu ulikuwa umeshakimbia."

Sijawahi kupigwa na mama yangu tangu nivunje ungo. Afadhali angenipiga. Alisimama pale ananitazama, macho bado mekundu kwa moshi, na mimi ndipo nikaelewa ule uji uliopoa siku tatu. Hakuwa akimwonea haya Ouma. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Nilidhani ni homa," akasema. "Nikasema nimeota, mwanangu hawezi kusimama pale akanisikia akageuka. Nikasubiri uniambie nimeota. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Unaniletea uji na kuniuliza kama umekolea sukari."

"Nisamehe, Mama."

Aligeuka.

"Ouma."

Hilo lilikuwa jambo geni masikioni mwetu sote. Mama mkwe hamwiti mkwe wake jina.

"Mama," Ouma akajibu, bado amempa mgongo.

"Geuka unitazame. Mtoto haogopi uso wa mama yake."

Ouma akageuka polepole. Wakatazamana, yeye na Mama, na nilimwona Mama anaukagua ule mkono wenye bandeji tangu vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

"Mmemsikia!" Shangazi akapiga kofi. "Amesema mwenyewe, ni mwanawe. Emanuel, mpe barua yake aende, tule. Imekwisha."

Nilikuwa nimesema ukweli, na ukweli wenyewe ndio ulikuwa unamalizia kunichukulia Ouma. Emanuel akanyoosha bahasha. Ouma aliahidi, na mimi namjua, akiahidi jambo halirudi nyuma. Akaanza kuinua mkono kuipokea.

"Haijakwisha," Mama akasema. "Emanuel, shusha hiyo karatasi. Mwanangu huyu ana umri wa kuoa, na msichana nimeshamwona."

"Msichana gani?" Baba akauliza.

Mama akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Yule."

"Agustina!" Shangazi akapayuka. "Moshi umekupanda kichwani? Yule ni binti yako!"

"Alikuwa. Binti wa mtu akisikia mama yake anaungua, anaingia. Mkwe ndiye anayesimama mlangoni, na simlaumu, chumba changu si chake. Huyu alisimama mlangoni. Basi ni mkwe." Akakohoa, akashika kifua, Baba akataka kumshika, akamkatalia kwa mkono. "Robi, wewe ulinipa mtoto bila kuniuliza. Nimempokea. Usinichagulie na mke wake."

"Haijawahi kutokea hiyo!"

"Na kubebwa mgongoni nikiwa na gagulo ilishawahi kutokea?"

Shangazi alikaa chini. Akabaki kulifungua na kulifunga kopo la ugoro.

"Mke wangu," Baba akasema, "hizo ni hasira."

"Ni hasira, mzee. Zitapoa zikitaka. Wazee wa Ouma waje na mahari siku ileile tuliyopanga."

Ouma alikuwa ananitazama sasa. Machoni mwake kulikuwa na furaha, na hofu ya kufurahi. Mimi sikuijua sura yangu ilikuwaje. Nilipiga magoti, nikashika upindo wa gauni la Mama.

"Mama, nipige. Nifukuze. Usinifanye mkwe."

"Mkwe halii miguuni kwangu," akasema, akauvuta upindo taratibu, hakuuvuta kwa nguvu, na ule utaratibu ndio uliouma. "Mkwe analeta maji. Mume wake hajanawa, nyama inapoa."

Nikaenda nikaleta jagi na beseni. Nilimwagia Ouma maji mkono mmoja, ule mzima, nikamlowesha na shati.

"Atakurudia," akaninong'oneza. "Mpe muda."

"Unaniahidi?"

Akakung'uta maji vidoleni. "Mimi nakuahidi mimi, Rose. Mama yako siwezi."

Mama alivuta kigoda, akakaa pembeni ya Ouma, karibu kabisa, goti kwa goti. Emanuel alikuwa ameiweka bahasha mfukoni na anakata nyama kwa hasira bila kumtazama mtu. Mama akachagua pande la ubavu, akalichovya kwenye kichuri, akampa Ouma kwa mkono wake. Akagawa sehemu ya Baba, ya Emanuel, ya Shangazi aliyenuna. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani ya udongo yenye maua, moja ya zile zinazokaa kabatini mpaka aje mchungaji, akaipanga vizuri, nyama huku, ugali huku.

Akaja nayo mpaka nilipokuwa nimesimama na jagi langu, kwenye ua niliotambaa nikiwa mtoto.

Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Asante, Mama."

"Karibu," akasema. "Jisikie nyumbani."